Mtapo Dume na Mtapo Jike Wasipokutana

Hotuba ya afisa wa mazingira kwa wakazi wa vijiji vinavyopakana na Shimba Hills, Kaunti ya Kwale

Nimeombwa niseme machache kuhusu mtapo.

Mtapo mnaujua. Shina nene, majani marefu kama ya mnazi, lakini magumu na yenye miiba. Wageni huudhani ni mnazi mfupi. Si mnazi, wala hautoi maua, huzaa koni. Tena kila mtapo ni dume au jike, kama mipapai yetu. Tofauti ni kwamba mpapai huzaa upesi, lakini mtapo unaweza kupita miaka kumi na zaidi kabla ya koni ya kwanza, na jike hazai kila mwaka.

Hapo ndipo penye shida. Koni dume hutoa chavua kwa muda mfupi tu. Koni jike nayo hufungua nyufa ndogo kati ya magamba yake kwa siku chache, kisha hujifunga. Dume akitangulia au akichelewa, msimu umepotea.

Hata wakiwa tayari pamoja, lazima awepo mjumbe, maana upepo peke yake hautoshi kuingiza chavua katika nyufa nyembamba vile. Katika mitapo ya Afrika iliyochunguzwa, mjumbe mkuu ni fukusi, ndugu wa yule anayetoboa mahindi yenu ghalani. Koni ikiwa tayari hupata joto kuliko hewa iliyo karibu nayo na kutoa harufu kali. Fukusi huifuata harufu hiyo, hula na kutaga mayai ndani ya koni dume, kisha hutoka wakiwa wamejaa chavua mwilini. Baadhi yao huvutwa na harufu ya koni jike, wakaingia. Kazi imekwisha.

Sasa sikilizeni jambo linalowadanganya wengi. Koni jike ambayo haikupata chavua bado hukomaa. Mbegu zake huwa kubwa, nyekundu, za kupendeza, na ukizipanda haziti hata moja. Kwa hiyo mtu anaweza kuuona mtapo wa kijani wenye mbegu tele akasema hapa hakuna tatizo, kumbe uzazi ulikoma zamani.

Afrika Kusini wanalijua hili. Mwaka 1895, katika msitu wa oNgoye, John Medley Wood alikuta kundi la mashina ya mtapo wa aina isiyojulikana, yote dume. Jike ametafutwa mpaka leo, hajapatikana. Aina hiyo, inayoitwa Encephalartos woodii, iko katika bustani nyingi duniani, lakini kila mmoja ni chipukizi la dume yuleyule.

Sisi hatujafika huko. Ila kila mtapo unaong'olewa ukapelekwa kupamba lango la mtu huongeza umbali kati ya dume na jike, na fukusi ni mdudu mdogo. Kuung'oa mtapo wa msituni ni kosa. Kuuuza nje ya nchi kibiashara pia kumepigwa marufuku na mkataba wa CITES, kwa mitapo yote ya jamii ya Encephalartos.

Ninayoyaomba si makubwa. Ukiona koni, usiikate. Koni dume iliyonyauka huwa bado ina watoto wa fukusi ndani. Mwenye shamba kando ya msitu, usinyunyize dawa ya wadudu karibu na mtapo wenye koni. Mwambie mzee wa kijiji umeona koni ya aina gani na mwezi gani, naye aandike. Tukiwa na kumbukumbu za miaka michache tutajua ni wapi dume na jike wanapishana, na hapo wataalamu wanaweza kuchukua chavua na kuipeleka kwa mkono.

Na watoto wasichezee mbegu hizo. Zina sumu, hata kwa mbuzi.

Karibuni kwa maswali.