Mchakamchaka wa Polepole

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Minaki, Kisarawe)



Katika barua yake ya mwaliko Ndugu Katibu aliniomba nizungumze juu ya afya baada ya kustaafu. Nilimjibu kwamba mimi si daktari. Nilikuwa mhasibu kwa miaka 34 na kazi yangu ilikuwa vitabu vya hesabu. Ninachoweza kukieleza ni namna nilivyojifunza kutembea mara ya pili, nikiwa na umri wa miaka 68. Basi nitaeleza hilo.

Sisi tulioketi mstari wa mbele tunaukumbuka mchakamchaka. Kengele inalia bado giza, tunatoka mabwenini tukiimba, tunateremka kilima na kukipanda tena, na anayebaki nyuma anazomewa mpaka jioni. Mimi nilikuwa na mbio, na kwa hiyo nilikuwa miongoni mwa wazomeaji. Mwenzetu mmoja, ambaye amenikataza kumtaja kwa jina ingawa ameketi humu humu ukumbini, alikuwa wa mwisho kila siku ya Mungu. Tulimwita Treni ya Mizigo.

Mambo ya dunia yana mzaha wake. Mwaka 1972 Treni ya Mizigo aliteuliwa kuwa miongoni mwa vijana 200 hivi wa Tanzania na Zambia waliopelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Wakati huo TAZARA ilikuwa ikijengwa kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, kupitia wilaya hii hii ya Kisarawe, hadi Kapiri Mposhi. Alirudi mwaka 1975 akiwa na cheti, koti zito la pamba ambalo hapa Pwani halikumfaa kitu, na mazoezi ya viungo aliyoyapata kwa mzee mmoja mlinda lango wa Kichina. Mazoezi hayo huitwa taichi. Aliyafanya kila asubuhi tangu wakati huo, kazini na baada ya kustaafu, katika shamba lake la mikorosho hapa Kisarawe. Tulipokutana tulimcheka kwa hilo pia.

Sasa nije kwangu. Mwaka 2021, nyumbani kwangu Kibaha, niliamka alfajiri nikashindwa kuvaa kandambili. Mguu wa kushoto ulikuwa kama wa kuazima. Kilikuwa kiharusi, na chanzo chake kilikuwa shinikizo la damu nililoambiwa habari zake miaka mingi nyuma nikalipuuza. Hospitalini walifanya kazi yao vizuri, na wataalamu wa viungo wakanirudisha kwenye fimbo. Lakini mambo mawili yalibaki.

La kwanza lilikuwa hofu. Nilianguka bafuni, kisha nikaanguka Maili Moja, kando ya barabara kuu, mbele ya watu. Baada ya hapo sikutoka tena. Nilikosa mazishi ya jirani niliyeishi naye miaka 20, nikasingizia homa. Na mtu asiyetembea kwa hofu ya kuanguka, miguu yake huzidi kulegea, na ikilegea ndipo huanguka kweli.

La pili lilikuwa moyo. Nilikuwa nikilia bila sababu. Hata redio ikitangaza matokeo ya mpira machozi hunitoka. Sikujua wakati ule kwamba takriban mtu mmoja katika kila watatu waliopata kiharusi hushikwa na sononeko, na kwamba hilo nalo lina tiba yake. Nilidhani nimekuwa mtu mbaya tu. Asubuhi moja nilitupa kikombe cha uji ukutani kwa sababu mke wangu alitaka kunishikia. Tulikuwa na miaka 44 ya ndoa. Hakusema neno. Aliokota vigae, akaenda uani, akampigia simu Treni ya Mizigo.

Alikuja siku ya pili yake. Akaniambia nitembee kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, akanitazama, kisha akasema, "Bwana wee, unatembea kama bado tunakimbizwa."

Wiki mbili za mwanzo sikufundishwa chochote ila kusimama. Mkono mmoja umeshika mwembe, magoti yamekunjwa kidogo, mgongo wima, mabega yamelegea. Kisha kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu hadi ule, polepole, kama mtu amiminaye maji kutoka ndoo moja hadi nyingine asitake kumwaga hata tone. Mguu mmoja unajaa, mwingine unakuwa mtupu. Ukiisha kuwa mtupu kabisa, ndipo unaruhusiwa kuunyanyua. Vijana, mnaweza kucheka, lakini jaribuni kupiga hatua moja kwa muda wa pumzi mbili ndefu, muone mapaja yanavyowaka. Mwendo wa kasi huficha udhaifu wa mguu, maana mtu anakuwa amekwisha kupita kabla hajaanguka. Ukienda polepole, kila kiungo lazima kibebe sehemu yake, tangu kifundo cha mguu hadi nyonga.

Baadaye zikaja hatua zenye majina: korongo mweupe anakunjua mabawa, mikono kama mawingu. Mfuatano anaoujua yeye una hatua 24, nao ulipangwa na wakuu wa michezo wa China mwaka 1956 ili watu wa kawaida waweze kujifunza. Asili yake ni ya zamani zaidi, karne ya 17, katika kijiji cha ukoo wa Chen, jimbo la Henan, na ulikuwa mchezo wa kupigana. Mwaka 2020 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mtaani kwetu Kibaha haukutiwa katika orodha yoyote nzuri. Mtoto mmoja alimwambia mama yake kwamba yule babu anafukuza nzi wasioonekana. Wakubwa walinong'ona mengine. Ilibidi nimwalike shehe wetu aje atazame. Alitazama, akajaribu kusimama kwa mguu mmoja, akayumba, akauliza kama anaweza kuja Jumatatu.

Kwa kuwa nilikuwa mhasibu, nilitaka kuona hesabu. Binti yangu alinitafutia. Mwaka 2012 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha habari za watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa miezi sita walisimama imara zaidi kuliko wenzao waliofanya mazoezi mengine. Mwaka 2018 walitoa habari za wazee 670, wote wa miaka 70 na zaidi na wenye hatari ya kuanguka. Kuanguka kulipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na wale waliojinyoosha tu. Na mwaka 2024 Wachina walitoa matokeo ya watu 342 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeanza kupanda: baada ya mwaka mmoja namba ya juu ilishuka kwa 7 hivi kwa watu wa taichi, na kwa 5 hivi kwa watu wa mazoezi ya kasi.

Hapo naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo nilipofanya upumbavu. Baada ya miezi minane nilijisikia mzima, nikaacha vidonge vya presha. Wiki tatu baadaye nilipimwa nikakutwa na 190 juu ya 110. Muuguzi aliniuliza nini kimetokea, nikajibu kwa majivuno kwamba nafanya mazoezi ya Kichina. Akasema, "Na vidonge vya hospitali umemwachia nani, mzee?" Ukitazama zile hesabu vizuri, namba 7 haiwezi kufuta deni la 60. Mhasibu mzima nilihitaji kuambiwa hayo na binti wa miaka 25. Vidonge nameza hadi leo.

Wala sikupona kabisa. Vifungo vya shati hili nimefungiwa. Lakini sijaanguka tangu mwaka 2022, na leo nimekuja kutoka Kibaha kwa daladala, nikashuka na kupanda mwenyewe. Kuhusu hasira, siwezi kusema imekwisha. Mke wangu yumo humu, angesimama kunipinga. Ninachojua ni kwamba huwezi kuimimina ile ndoo huku umekasirika. Pumzi inakatika, goti linatetemeka, unajulikana. Kwa hiyo kila asubuhi kuna dakika 20 ambazo lazima niione hasira yangu inakaa wapi, na mara nyingi nikiisha kuiona naikuta ni hofu. Mke wangu naye anafanya sasa. Ananishinda mbali.

Vijana, mwaka 1973 nchi hii ilikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio, wakajifunza habari za malaria, kichocho na kuhara, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Adui wale bado wapo, ila wameongezewa wengine wasio na mbu wala konokono: presha na kisukari. Hawa humkuta mtu amekaa. Nasikia hapa mchakamchaka bado upo. Kimbieni. Ila ombeni pia mpimwe, na wazazi wenu wapimwe, kabla ya alfajiri ya kandambili.

Sina budi kumaliza na deni moja. Treni ya Mizigo nimekwisha kumwomba radhi nyumbani kwake, chini ya mikorosho, akasema amesahau. Hajasahau. Kwa hiyo, ndugu yangu, mbele ya shule ambamo nilikuzomea, nakuomba radhi tena.

Kesho saa 12 asubuhi, kabla mabasi hayajaondoka, yeye na mimi tutakuwa uwanjani. Anayetaka kujaribu aje na viatu vya kawaida. Yeye atakuwa mbele, mimi nitakuwa nyuma.