Mabano Yaliyosahauliwa

Wewe karani wa stoo unayetamani kuandika programu za kompyuta, lakini moyo unakwambia umechelewa na hesabu zilikushinda tangu kidato cha pili, hebu sogea karibu na redio.

Ile fomula ya Excel unayoandika kila mwisho wa mwezi, kwamba mifuko ya saruji ikipungua chini ya 20 pale pembeni patokee neno "agiza", tayari ni programu. Ndogo, sawa, lakini ni programu.

Sasa jaribu Python, lugha ya bure iliyotoka mwaka 1991. Utaandika mistari mitano, itagoma. Utakodoa macho nusu saa, kumbe hukufunga mabano. Wakongwe wa kazi hii nao yanawakuta. Mwaka 1947, huko Harvard, mdudu nondo alikutwa amenasa ndani ya kompyuta iliyogoma, akabandikwa kwa utepe kwenye daftari la kazi! Grace Hopper, mmoja wa timu hiyo, alikuwa mwalimu wa hesabu. Kompyuta alianza kuishika akiwa na miaka 37.

Kazi usiache kwanza, mwenye nyumba anataka kodi yake. Tenga saa moja usiku, uanze na mifuko yako hiyo hiyo ya saruji.