Taifa Lisiwe Mungu Wetu

Tumtazame Rabindranath Tagore, mshairi wa Bengal, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1913. Mwaka 1916, Ulaya ikiteketea vitani, alihutubia Japani na Marekani, akionya kwamba taifa likiabudiwa humpoteza binadamu. Wala hakuisaliti India: mwaka 1919, serikali ya Kiingereza ilipoua raia Amritsar, aliomba avuliwe cheo cha heshima alichopewa na mfalme. Alichukia udhalimu, si Waingereza, C. F. Andrews, rafiki yake mpenzi, alikuwa Mwingereza. Nasi twaipenda nchi yetu. Hata hivyo, mkimbizi apigapo hodi, tusitangulize kumwuliza kabila wala uraia. Naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu.