MWAMBA MMOJA, WATU WAWILI: UVUVI NA UOGELEAJI WAKATI WA LIKIZO

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Uvuvi mbele ya watumishi wa umma na wakaazi wa vijiji vya pwani, Zanzibar. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale wote ambao hawakuweza kuhudhuria.)





Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya uvuvi na uogeleaji miambani katika msimu wa mapumziko. Yumkini wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo la wageni na starehe zao. Si hivyo. Watumishi wengi nao huchukua likizo zao wakateremka pwani na watoto. Wenye vyombo ni wakaazi wa vijiji hivi. Na mwamba ule ule anaoutazama mgeni kwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, ndio anaoutegemea mvuvi kwa kitoweo na ada ya skuli.

Ndugu wananchi, tumbawe si jiwe. Ni viumbe vidogo mno vinavyoishi kwa maelfu pamoja, vikijijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi mimea midogo inayowapatia sehemu kubwa ya chakula chao. Maji yakizidi kupata joto kwa wiki kadhaa, mimea hiyo hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Hali hiyo ikiendelea, hufa. Mwaka 1998 tuliyashuhudia hayo katika miamba mingi ya upande huu wa Bahari ya Hindi. Joto la bahari halizuiliki kwa amri ya ofisa wala kwa dua ya mvuvi peke yake. Lakini mwamba usiovunjwavunjwa hupona upesi zaidi kuliko uliokwisha jeruhiwa kwa nanga, kwa nyavu za kukokota na kwa nyayo za watu.

Kwa sababu hiyo Serikali na wananchi walianza kutenga maeneo ya hifadhi. Kisiwa cha Chumbe, ambacho mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904, kilitangazwa hifadhi mwaka 1994, na miongoni mwa walinzi wake wa mwanzo walikuwamo watu waliokuwa wavuvi. Ghuba ya Menai ilifuata mwaka 1997, Kisiwa cha Misali huko Pemba mwaka 1998, na eneo la Mnemba mwaka 2002. Masharti hayafanani: ipo sehemu isiyovuliwa kabisa, na zipo sehemu zinazovuliwa kwa zana zilizoruhusiwa. Kabla ya kutia chombo majini, uliza uko wapi.

Sasa naomba niseme jambo ambalo si rahisi kwa ofisa kulisema.

Miaka mingi iliyopita nilifuatana na wageni katika mashua kwenda kuogelea miambani. Nahodha akatupa nanga juu ya mwamba. Niliona, nami nikanyamaza, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa na maji yalikuwa yakitoka. Ilipovutwa, ikaja na pande la tumbawe lenye kimo cha kinu. Karibu yetu palikuwa na mzee akivua kwa mshipi katika mtumbwi wake. Akaniita, akasema: "Mwanangu, mimi umenizuia juya hapa ili mawe yasivunjike. Nanga ya hao ni ya pamba?"

Sikuwa na jibu. Tumbawe la namna ile huongezeka kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Pande lile lilikuwa na umri unaokaribia umri wangu wa siku ile, na liliondoka kwa mvuto mmoja.

Ndugu watumishi, swali la mzee yule ndilo lililonileta hapa leo. Sheria inayomwona mvuvi ikampita mpanda mashua bila kumwona haitaheshimiwa na yeyote, wala haistahiki kuheshimiwa. Mvuvi anapoambiwa asivue mahali fulani, anatakiwa aache chakula cha nyumbani kwake. Hilo ni jambo kubwa. Ana haki ya kuona kwamba anachokiacha hakiharibiwi na mwengine, na kwamba faida yake inarudi kijijini. Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni akija na mwenyeji asipone, methali imevunjwa, na hifadhi nayo haitadumu.

Kwa mantiki hiyo, napendekeza kwa wenzangu wa ofisi zote zinazohusika mambo mawili. La kwanza, kila tozo inayokusanywa kwa waogeleaji isomwe hadharani mbele ya wanakijiji: zimeingia ngapi, zimekwenda wapi. La pili, yawekwe maboya ya kufungia vyombo katika kila mwamba unaotembelewa, ili pasiwepo nahodha mwenye udhuru wa kutupa nanga juu ya matumbawe.

Kwa upande wa wavuvi, tunao mfano mwema wa pweza. Pweza hukua kwa haraka mno, na umri wake hauzidi mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vimekubaliana kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi michache, kisha kuifungua siku moja kwa wote. Mwenye subira hupata pweza mzito. Lakini mtu mmoja akiiba usiku, subira ya kijiji kizima imepotea. Ulinzi huo hauwezi kuwa wa ofisa peke yake. Ni wa wenye mwamba.

Ndugu wakaazi, yafuatayo ni maelekezo kwa kila atakayekwenda baharini katika mapumziko haya, awe mgeni au mwenyeji:

1. Jua maji ya siku hiyo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tafauti ya maji kujaa na kutoka hufika karibu mita 4. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi na hutoka mnamo saa nne, na kila siku husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Usiogelee karibu na mlango wa mwamba maji yanapotoka. Mkondo wake humchukua hata muogeleaji hodari.

2. Usiogelee peke yako, na chombo kisiondoke mpaka watu wote wamehesabiwa. Nahodha apunguze mwendo na azime mashine penye watu majini. Kila abiria awe na jaketi la kuokolea, watoto walivae tangu pwani.

3. Usisimame juu ya tumbawe, usilishike wala usilivunje. Usichukue kombe wala kauri zilizo hai. Vaa shati jua lisikuunguze.

4. Usimfukuze pomboo wala kasa. Akikukaribia, tulia, akiondoka, mwache.

5. Anayevua kwa starehe afuate masharti yale yale ya mwenye kuvua kwa riziki. Samaki mchanga arudishwe majini. Anayekwenda katika Mkondo wa Pemba kutafuta jodari, nguru au nduaro, akumbuke kuwa huko kina kinazidi mita 500 na upepo wa kusi hauna masihara. Aache habari pwani ya safari yake na saa ya kurudi.

6. Aliyechomwa na mwiba wa taa atie mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahamili bila ya kuungua, kisha apelekwe kituo cha afya bila ya kuchelewa.

7. Baruti na sumu ni marufuku. Atakayesikia mshindo baharini atoe habari kwa sheha au kwa ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye.

Ndugu zangu, mvuvi na muogeleaji wanakutana juu ya mwamba mmoja. Mmoja anatazama chini, mwengine anateremsha mshipi, na wote wawili wanamtaka samaki awepo kesho. Mzee yule wa mtumbwi hayupo tena duniani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini wajukuu zake wanavua pale pale, na siku yoyote wanaweza kuniuliza lile swali la babu yao. Napenda nikiulizwa tena niwe na jibu, na jibu hilo litategemea nanga zenu na zangu.

Nakutakieni nyote mapumziko ya salama na marejeo mema.