Tishio la Dirishani ni la Ofisi

Leo tuzungumzie maneno yanayotamkwa mbele ya madirisha ya ofisi za umma, kisha yakapita kama vile hayakusemwa. "Nakujua unakoishi." "Tutakutana nje." "Hiyo saini utaijutia." Karani wa masijala ya ardhi, muuguzi wa zamu ya usiku na afisa wa kaunti anayekagua leseni huambiwa hayo, wenzao wakacheka kidogo, foleni ikasonga. Aliyeambiwa huenda nayo nyumbani. Ninavyoona mimi, hapaswi kwenda nayo peke yake. Aliyemtisha hana ugomvi naye. Anaogopa au anataka kitu kilicho mikononi mwake, yaani muhuri, faili, hesabu ya kura. Kwa hiyo ofisi ndiyo iliyotishwa, na ni juu ya ofisi kuliandika tishio hilo, kuliripoti na kulifuatilia.

Desemba 2022 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 121. Zaidi ya mmoja kati ya kila watu watano walio kazini alisema amewahi kufanyiwa ukatili au unyanyasaji huko kazini. Hata hivyo, kati ya hao ni zaidi kidogo tu ya nusu waliowahi kumweleza mtu yeyote, awe bosi, rafiki au jamaa. Walionyamaza walipoulizwa kwa nini, wengi walitaja kwamba ni kupoteza wakati, au kwamba waliogopa kuharibiwa jina. Tusiwahukumu haraka kuwa ni waoga. Mtu husema kuripoti ni kupoteza wakati pale ambapo ameona ripoti ya mwenzake ikiozea kwenye droo.

Hapa Kenya tumelipa gharama kubwa, hasa katika kazi ya uchaguzi. Mwishoni mwa Julai 2017, siku chache kabla ya kura ya Agosti 8, Chris Msando, aliyekuwa meneja wa teknolojia wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, alikutwa ameuawa. Oktoba mwaka uo huo kamishna wa tume hiyo, Roselyn Akombe, alijiuzulu akiwa New York na kueleza kwamba alihofia maisha yake. Agosti 2022 Daniel Musyoka, msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki, alitoweka akiwa kazini, na mwili wake ukapatikana baada ya siku chache. Nani alifanya nini na kwa nini, hilo ni la wapelelezi na mahakama. Linalonihusu hapa ni nafasi walizokuwa nazo: katika kila moja, mtu mmoja anayejulikana kwa jina alikaa juu ya jambo lililotakiwa na wengi. Masijala ya ardhi nayo ina watu wa namna hiyo, ila magazeti hayawaandiki.

Sheria ipo. Kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga anayetishia kuua hadi miaka 10. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake anapoona hatari kubwa, na inamzuia mwajiri kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Ugumu uko kwenye ushahidi. Aliyepigwa hujaziwa fomu ya polisi ya P3, daktari akaeleza jeraha. Aliyetishwa hana jeraha la kuonyesha, ana maneno tu. Ndiyo maana maneno yaandikwe katika daftari la ofisi siku hiyo hiyo, kwa lugha ile ile yaliyotamkwa, yawe Kiswahili, Sheng au lugha ya mama, pamoja na saa, majina ya waliosikia na nambari ya faili iliyokuwa ikishughulikiwa. "Alinitusi na kunitisha" haimsaidii mpelelezi. Ujumbe wa simu usifutwe, hata ukiudhi namna gani. Kisha mkuu wa ofisi mwenyewe, au mtu aliyetumwa naye kwa barua, aandamane na mfanyakazi hadi kituo cha polisi, tukio liingizwe kwenye daftari la matukio, OB, na nambari ya OB irudi ofisini.

Wapo watakaosema: mwananchi amezungushwa miezi mitatu, ameombwa chai, akipandisha sauti mnamwitia polisi? Pingamizi hili lina uzito, na afisa anayeita kila lalamiko tishio anastahili kuadhibiwa. Kusema "nyinyi ni wezi, nitawashtaki" ni haki ya raia, na Tume ya Haki za Utawala ipo kupokea malalamiko ya aina hiyo. Tishio hutaja madhara kwa mwili, familia au mali. Tena daftari lililoandikwa vizuri humtetea raia pia: matukio manne yakitokea dirisha moja, faili zikiwa za aina moja, mkuu mwenye akili ataanza kwa kuuliza kinachofanyika nyuma ya dirisha hilo.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba kuripoti humchokoza mtishaji. Huenda kweli, hasa katika mji mdogo ambako askari, karani na mtishaji huswali au husali pamoja. Lakini kunyamaza nako humwonyesha kuwa maneno yake yamefanya kazi. Ofisi nyingi hujibu kwa uhamisho: karani anapelekwa mbali, mtishaji anabaki na faili lake na karani mpya wa kutisha. Ningeanza na faili. Lipewe maafisa wawili, uamuzi utiwe saini na wote pamoja na msimamizi wao, na barua ya kumjulisha mhusika itoke kwa jina la ofisi. Karani aondolewe dirishani kwa muda ikiwa mwenyewe ameomba, mshahara na cheo chake visiguswe.