Shamba la Nabothi na Upepo wa Kinangop

 

Ndugu zangu, mnaikumbuka habari ya Nabothi wa Yezreeli. Wengi wetu tulifundishwa katika shule ya Jumapili, na kwa kuwa twajua mwisho wake ni wa damu, twakimbilia huko huko mwisho. Leo naomba tusimame kidogo pale mwanzoni. Mfalme Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa maneno mazuri. Alimwambia Nabothi atampa shamba jingine la mizabibu lililo bora kuliko lile, au akipenda atamlipa fedha kadiri ya thamani yake. Kwa hesabu za sokoni, hiyo ilikuwa bei nzuri. Nabothi akakataa, kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Basi mfalme akarudi nyumbani amenuna, akalala kitandani, akageuza uso, akakataa chakula. Mtu mzima, tena mfalme!

Nimeikumbuka habari hiyo kwa ajili ya jambo lililotokea nchini mwetu, huko Kinangop katika Nyandarua. Ninyi mliofika kule mwajua upepo wake hauna simile. Ni nchi ya juu, ya baridi, kando ya milima ya Aberdare. Nchi ya viazi, kabichi, kondoo na ng'ombe wa maziwa. Wakati wa ukoloni yalikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960, yakagawanywa kuwa makazi ya wananchi, na wananchi wale hawakuyapata bure. Walikopeshwa, wakalipa mikopo kidogo kidogo kwa jasho la viazi na maziwa. Mtu aliyelipia ekari zake hivyo haoni udongo tu akitazama shamba lake. Aona miaka ya mama yake.

Sasa, ikaja kampuni yenye mpango wa kusimamisha mitambo 38 ya upepo, itoe umeme wa megawati 60.8. Wenye mashamba kadhaa walikubali kukodisha sehemu zao. Lakini mwaka 2014, kazi ilipotaka kuanza, majirani waliinuka. Walifanya maandamano, walifunga barabara. Waliogopa kuhamishwa, waliogopa magonjwa, waliogopa mifugo yao kudhurika. Mwaka 2015 mtu mmoja alipoteza maisha katika ghasia hizo. Na Februari 2016 kampuni ikatangaza kwamba mradi umekwisha; fedha zilikuwa zimeliwa na kuchelewa.

Je, Ahabu ni nani hapo, na Nabothi ni nani? Najua baadhi yenu mmekwisha jibu. Lakini ngojeni kidogo. Kampuni haikutaka bustani ya mboga kama Ahabu. Ilitaka umeme, na umeme ni kitu ambacho hata mimi ninayesema nanyi kwa redio nakitumia saa hii. Wala si kila hofu ya wananchi ilikuwa na msingi. Mtambo wa upepo una kelele yake. Kivuli cha mapanga yake hukatakata mwanga wa jua katika nyumba iliyo karibu, asubuhi na jioni. Ndege hugongwa wakafa. Hayo ni kweli, na mtu ana haki ya kuyauliza. Lakini mtambo hautii sumu katika maziwa ya ng'ombe. Aliyewaambia watu hivyo, kama alijua si kweli, alifanya kazi ile ile ya wale mashahidi wawili wa uongo waliosimama mbele ya Nabothi.

Hata hivyo, uvumi hauoti mahali penye majibu. Uvumi ni kama magugu. Huota shamba lililoachwa bila kupaliliwa. Mtu akiona lori la vyuma linapita mlangoni pake kabla hajaona mtu wa kumweleza, atajieleza mwenyewe, na atajieleza vibaya. Wapo waliosema, “Wale wamechochewa na wanasiasa.” Huenda. Lakini kuni mbichi haziwaki kwa kiberiti kimoja.

Tena kuna jambo ambalo sisi watu wa kanisa twalijua kuliko wenye vitabu vya hesabu. Mzee Fulani anatia sahihi, mtambo unasimamishwa kwake, kila mwaka apokea kodi. Jirani yake, ng'ambo ya seng'enge, apokea kelele na kivuli, senti hapati. Jumapili wote wawili huketi benchi moja. Mmoja atoa sadaka nono, mwingine amtazama kisogo. Mwaka mmoja hivyo, na wa pili, kisha wanaacha kusalimiana watoto wao. Mwekezaji ahesabu mitambo. Ni nani ahesabuye hizo salamu?

Sasa twendeni kaskazini, Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Huko mitambo ilisimama. Ni 365, yenye nguvu ya megawati 310, na tangu mwaka 2018 umeme wake husafirishwa kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa. Ardhi yake ni ekari 150,000. Ardhi ile haikuwa na seng'enge wala hati ya mtu mmoja. Ilikuwa ya jamii za wafugaji, na mfugaji hupajua mahali pake kwa kisima na kwa majani ya mwaka wa ukame. Ndipo mtu wa mjini husema, “Pale ni jangwa tu, hapana mwenyewe.”  Mwaka 2014 wakazi walikwenda mahakamani, wakangoja miaka 7. Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru ikasema hati za ardhi ile zilipatikana bila kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja ili mambo yasahihishwe. Wakati huo mapanga yalikuwa yakizunguka siku zote.

Na msije mkasema kanisa linapinga umeme. Huko Kajiado, mahali paitwapo Kipeto, mitambo 60 inazunguka juu ya ardhi iliyokodishwa na wenyewe, na wenyewe hulipwa. Upepo ni ule ule, chuma ni kile kile.

Sasa nirudi kwa Nabothi, kwa maana kuna watu katika habari ile ambao huwa hatuwahubiri. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji, watu waliokaa pamoja na Nabothi. Na wazee wale wakafanya kama walivyoandikiwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, “Barua hii yasema nini? Kwa nini?” Waliona muhuri, basi.

Wazee wa baraza, wachungaji, mama viongozi, chifu unayenisikiliza: karatasi zenye muhuri zitakuja kwenu pia, kwa sababu upepo wa nchi hii ni mwingi na mahitaji ya umeme yanaongezeka. Ulizeni karatasi isomwe kwa lugha ambayo nyanya asiyejua kusoma aielewa. Ulizeni ni ya miaka mingapi, maana mkataba mrefu humfunga mtoto ambaye bado hajazaliwa. Ulizeni jirani wa ng'ambo atapata nini. Ulizeni siku chuma kitakapochakaa ni nani atakayekiondoa. Na kama umepokea bahasha ya “nauli” kabla ya mkutano, mchungaji mwenzangu, jiulize utakaa upande gani wa meza. Mwenye nia njema hatakasirikia maswali hayo. Atavuta kiti.

Na wewe kijana uliyeziba barabara kwa magogo, wewe pia nakuuliza: hicho ulichowaambia wenzako, ulikithibitisha wapi?

Kinangop upepo ungali unavuma. Kodi waliyoahidiwa wenye mashamba haikuja, na mitambo ile 38 haikusimama pale. Kuna watu walioshangilia siku ile ya Februari. Kuna wengine ambao hawakuwa na la kushangilia, maana wao walikuwa wamekwisha zika.

Basi kabla hatujaagana, tuwakumbuke katika sala nyumba ile iliyofiwa, na wafugaji wa Marsabit, na wafanyakazi walio juu ya minara ile mirefu usiku wa leo katika baridi, na majirani wawili wasiosalimiana. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakuwa tena pamoja saa hizi hizi. Kwaherini.