Mzazi alipe, lakini kwa kipimo

Mtoto wa huko Rumangabo akiachia mbuzi wakamaliza maharage ya jirani, kifungu cha 260 cha Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Kiraia ya Kongo kinamtaka mzazi alipe hasara, mradi mtoto anaishi kwake. Ni haki, maana aliyepoteza mazao atamdai nini mtoto asiye na kitu? Lakini sharti hilo la kuishi pamoja ndilo kiini: deni linafuata uwezo wa kumchunga mtoto. Mtoto aliyechukuliwa na kundi lenye silaha hayuko tena mikononi mwa mzazi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inakataza kumwandikisha mtoto katika kundi la namna hiyo, na mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kiongozi wa kundi lenye silaha, Thomas Lubanga, kwa kuwaandikisha watoto huko Ituri. Haikuwashtaki wazazi wao.

Wapo watakaosema wazazi wazembe watajificha nyuma ya hoja hiyo. La hasha: sheria inamtwika mzazi mwenyewe mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuweza kuzuia tendo. Basi anayetaka kumdai mama kwa madhara ya mwanawe aliyetekwa, amdai kwanza aliyempa bunduki.